Usiikabidhi Nafsi Yako kwa Macho ya Watu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kwa udongo mmoja na atakayeturejesha katika udongo uo huo. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Mtume Muhammad, aali zake, masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ndugu zangu waumini, mama zangu na dada zangu mlio nyuma ya pazia, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusieni ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani umri ni amana ya siku chache, na Mwenye amana hakutuambia siku atakayokuja kuichukua.

Nataka kusema juu ya jambo nililoliona humu humu msikitini, Ijumaa iliyopita, kabla ya adhana. Aliingia mvuvi mmoja aliyetoka ziwani alfajiri. Ametawadha vizuri, maji bado yanamchuruzika ndevuni, na nguo zake, ingawa zimefuliwa, zina ile harufu ya ndagala ambayo sisi watu wa mji wa Baraka twaijua sote, kwa kuwa ndiyo iliyotulea. Mbele yake, katika safu ya kwanza, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Akaitazama ile nafasi, akazitazama kanzu zilizopigwa pasi kulia na kushoto kwake, akajitazama kifuani, kisha akageuka polepole akaenda kuketi kule nyuma karibu na viatu. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemwambia neno. Baada ya kitambo akaingia mfanyabiashara mmoja, Mungu amzidishie riziki, wala yeye hana kosa lolote; na watu watatu wa safu ile ile wakasogea kumpisha, mmoja wao akamkunjulia mswala. Ndugu zangu, mimi mnayeniita mzee wenu nilikuwa mmoja wa wale watatu.

Usiku ule nilisali rakaa mbili za toba, kisha nikaketi nikijiuliza ni kadhi gani aliyemhukumu yule mvuvi, na ni kadhi gani aliyempandisha yule tajiri. Maana hukumu mbili zilipitishwa ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu na mdomo haukufunguliwa. Nikaona kwamba waliohukumu ni macho. Macho yetu yalihukumu, na nafsi ya yule ndugu ikaipokea ile hukumu kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, ikakubali, ikarudi nyuma. Yeye alidhulumiwa, na sisi tulidhulumu, na wote wawili, aliyedhulumu na aliyedhulumiwa, tulikuwa tumeshika kosa moja: tulimwacha khalki apime kile ambacho mizani yake ni ya Khaliki peke yake.

Kwa hiyo nasema, na nitalirudia neno hili mpaka mlichoke: usiikabidhi nafsi yako kwa macho ya watu.

Hebu mtazameni mtu mmoja kwa siku moja. Ni kijana motari, mwendesha pikipiki ya abiria wa hapa kwetu, mwenye mke na watoto wawili. Asubuhi anambeba mkubwa fulani, mkubwa anamwita kwa jina lake mbele ya wenzake, na kifua chake kinajaa; saa ile hamwoni mtu, salamu za wenzake anazijibu kwa kidevu. Adhuhuri anasimamishwa kwenye kizuizi, anatukanwa mbele ya abiria wake, na abiria ni mwanamke wa mtaani kwake. Hapo moyo wake unasinyaa kama jani la muhogo motoni. Hawezi kujibu, maana wenye kizuizi wana silaha. Jioni anafika kwake, anaikuta sombe imepungua chumvi, na yale matusi ya adhuhuri ambayo hakuweza kumrudishia mwenyewe anampa mke wake, na mtoto anayelia anapigwa kofi. Je, ni chumvi ile? Wallahi si chumvi. Ni nafsi iliyofungwa kwenye vinywa vya watu kama mbuzi wa kamba, wakivuta huku inakwenda huku, wakivuta kule inakwenda kule, na anayekanyagwa njiani ni mnyonge aliye karibu. Huyo mtoto ana hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu, na siku ile baba hatasema, "Ya Rabbi, nilitukanwa kwenye kizuizi."

Watu hudhani kiburi na kujidharau ni vitu viwili vilivyo mbali, kama Kalemie na Uvira. Mimi kwa umri wangu nimeviona vikilala kitanda kimoja. Mwenye kiburi na mwenye kujidhalilisha wote wanauliza swali moja kutwa kucha: wananionaje? Mmoja akijibiwa vizuri huvimba, mwingine akijibiwa vibaya huzama, na kesho wanabadilishana nafasi. Na swali hilo la kujipima kwa mwingine ndilo lililomharibu wa kwanza kuharibika, maana Iblisi hakukana kwamba Mola yupo, wala hakuacha kumjua. Alichofanya ni kumtazama Adamu, akautazama moto wake, akautazama udongo wa mwenziwe, akapima, akajiona bora. Ibada yake ya zamani ikaporomoka kwa mtazamo mmoja wa ubavuni. Basi ogopeni mtazamo wa ubavuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu.

Sasa sikilizeni habari ya bega, na mwenye habari hii amenipa ruhusa niiseme bila ya jina.

Palikuwa na mzee hapa, mchukuzi wa pale pwani mashua zinapofikia. Miaka mingi alishusha magunia ya unga na chumvi yaliyotoka Kigoma na Kalemie, akaingia majini hadi mapajani, gunia begani, akatoka, akaingia tena. Kwa mizigo ile alimlipia mwanawe minerivali ya shule mwaka baada ya mwaka, mpaka kijana akapata diploma ya Serikali. Siku moja yule kijana alishuka pwani na rafiki zake wapya, wamevaa vizuri, wanazungumza Kifaransa. Baba akatoka majini na gunia, akamwona mwanawe, akatabasamu na kumwita. Rafiki mmoja akauliza, "Ule ni nani?" Na kijana, ndugu zangu, akatazama ziwa akajibu, "Ule ni mutu tu anabebaka mizigo." Mzee alisikia. Akapita na gunia lake. Hakulisema jambo lile kwa yeyote, wala kwa mama wa kijana. Mimi nililijua kwa kijana mwenyewe, miaka baadaye, tena siku gani?

Siku ya kumwosha baba yake. Mimi nilikuwa ninaosha na yeye ananimiminia maji. Tulipofika upande wa kulia, nikamgeuza marehemu polepole, na juu ya bega likaonekana sugu pana kama kiganja, ngozi ngumu, nyeusi, yenye nyufa, iliyojengwa gunia kwa gunia. Kijana akasimama na birika mkononi. Maji yakawa yanamwagikia miguuni mwake yeye, na hakujua. Nikamwambia, "Mimina, mwanangu, maiti asingojeshwe." Hakuweza. Akaniomba nimwachie alioshe bega lile yeye mwenyewe, akaliosha mara tatu, na mara ya tatu ndipo aliponieleza lile neno alilolisema pwani.

Simtaji ili mumhukumu. Kijana yule hakumchukia baba yake hata siku moja; alimpenda, na alikuwa akimpelekea sabuni na sukari. Lakini kwa dakika moja, mbele ya watu wanne ambao leo hata hajui wako wapi, aliikabidhi nafsi yake kwa macho yao, na macho yao yakamwamuru amkane aliyemzaa. Watu wanne! Hivi ndivyo inavyokuwa, ndugu zangu. Tunauza kilicho ghali kwa wateja ambao hawatakuja hata mazikoni. Na kumbukeni bega la Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, ambaye imesimuliwa kwamba akiwa khalifa alionekana amejitwika kiriba cha maji mbele ya watu, na alipoulizwa akasema wajumbe walimjia wakimsikiliza na kumtii, nafsi yake ikaingiwa na majivuno, akataka kuivunja. Kiongozi wa waumini alilitafuta lile gunia ambalo sisi twaliona haya kwa baba zetu.

Vijana wanaokwenda machimboni Misisi na Lubichako wanajua ninachokisema. Mtu anakwenda kutafuta dhahabu, na huko anaiona ikipimwa kwa mizani ndogo ya mkononi, punje kwa punje, pumzi isije ikaitikisa. Lakini yeye mwenyewe hapimwi kwa uangalifu ule. Akirudi na fedha, mtaa mzima humwita bosi, na kwa siku kumi na tano anazigawa ili aendelee kuitwa bosi. Asipopata kitu, harudi. Nimeketi na mama mmoja ambaye mwanawe yuko umbali wa safari ya siku moja tu, naye hajamwona kwa miaka, kwa sababu kijana anaona haya kuingia mjini mikono mitupu. Mama yule hataki dhahabu. Ameniambia kwa kinywa chake, "Shehe, mwambieni aje hata na miguu mitupu, mimi nina ndala zake." Ewe kijana, ukifika ujumbe huu huko uliko, rudi usiku kama unaona haya mchana, lakini rudi, maana mama huyu ana ajali yake iliyoandikwa, nayo haingojei upate gramu.

Na mama zetu nao wanisamehe, maana kitenge cha sare kwenye harusi kimekuwa mtihani. Asiyekishona haonekani, basi hukopa, au huichukua zamu yake ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, iliyokuwa ya dawa na daftari za watoto. Hilo nalipita, kwa kuwa mnalijua kuliko mimi.

Ila kuna jambo la zamani zaidi ambalo siwezi kulipita. Ardhi hii yetu imeugua ugonjwa wa macho ya watu kwa vizazi. Katika karne ya 19, misafara ilipovuka ziwa kutoka Ujiji ikielekea Kasongo na Nyangwe, dini yetu tukufu ilipita njia hizo hizo, na katika njia hizo hizo wakapita watu wenye bunduki na watu wenye minyororo. Katika mababu zetu wamo wa huku na wamo wa kule, na anayedai kwamba nasaba yake yote ni ya upande mmoja na amwogope Mungu. Wakati ule aliyevaa kanzu na kusema Kiswahili alijiita muungwana, na aliyebaki mlimani na lugha yake akaitwa mshenzi. Mpaka Kiswahili chenyewe cha upande huu wa Kongo kikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Mtu aliyetekwa jana, akipewa kanzu leo, kesho yake alimwita nduguye wa damu mshenzi. Fikirini jeraha lililomo ndani ya neno lile! Alikuwa hajapona dharau aliyotendewa, akaitema juu ya mwingine apate nafuu.

Kisha upepo ukageuka. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 ambamo Serikali ya Mfalme wa Wabelgiji iliwapiga watu wa pwani ya Uswahili na wafuasi wao, Mwislamu akawa yeye ndiye wa kushukiwa, shule zikawa mikononi mwa misioni, na wazee wetu wametusimulia habari za watoto waliokuwa na jina la nyumbani na jina la shule, Ramadhani akibaki mlangoni na mtu mwingine akiingia darasani. Baba zao hawakuwalaumu. Wala sisi hatuwalaumu, Mungu awarehemu wote. Nataka tu mjue kwamba twajua, sisi kama umma mdogo katika nchi hii, ladha ya kutazamwa kutoka juu. Na mwenye kuijua ladha hiyo hana udhuru wa kumpikia mwingine.

Na hivi karibuni zaidi? Wengi wenu mlio mbele yangu mlivuka ziwa mwaka 1996 mkiwa migongoni mwa mama zenu, au mkiwa mmebeba ndugu zenu, mkafika Kigoma, mkapelekwa Nyarugusu na kambi nyinginezo, mkasimama kwenye mstari wa posho na kadi mkononi. Mnakumbuka jinsi mwanamume aliyekuwa na mashua tatu huku Fizi alivyojifunza kushika bakuli. Mlipoanza kurudishwa kwa meli hapa Baraka mwaka 2005 na baada yake, mlioondoka wadogo mkaja na Kiswahili cha kule, na wapo waliowacheka, wakawaita watoto wa kambi. Liliuma. Basi niambieni: tangu mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipovuka wakawekwa pale kambini Lusenda, ni maneno gani tunayowaita sokoni? Mama wa Lusenda akileta mboga zake, ni nani anayezishika kwa ncha ya vidole, akamtajia nusu ya bei kwa sababu tu anajua hana pa kurudi nazo? Baadhi yetu ni wale wale wa 1996. Bakuli halijapoa mkononi mwetu, na tumesahau. Na anayeshuka kutoka milimani, wa lugha hii au ile, ambaye Mola alimwumba bila ya kutuomba ushauri, tunampokea kwa salamu au kwa jina la kabila lake?

Mola wetu Mtukufu, katika Suuratul Hujuraat, ametukataza waziwazi kudharauliana, watu kwa watu na wanawake kwa wanawake, na kuitana kwa majina ya kejeli, akatujulisha kwamba anayedharauliwa huenda ni bora kuliko anayedharau. Naye Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopata habari kwamba sahaba wake Abu Dharr, mtu wa zuhudi na ukweli, amemtukana mwenziwe kwa mama yake, na wengi wamesimulia kuwa aliyetukanwa ni Bilal, alimkabili akamwambia kuwa bado ndani yake mna ujahili. Abu Dharr! Mtu ambaye zuhudi yake inapigiwa mfano hadi leo. Ikiwa ndani ya moyo kama ule ilikuwamo chembe, sisi tunaojipaka manukato kila Ijumaa tumejikagua lini?

Na msisahau mwanzo wa Suurat Abasa, ulioteremshwa kwa ajili ya kipofu mmoja, Ibn Ummi Maktum. Wakubwa wa Makureshi walikuwa wameketi, na palikuwa na matumaini kwamba wakisilimu wao, wengi watasilimu. Na yule kipofu akaja na swali lake, na uso ukakunjwa. Uso tu, mbele ya mtu asiyeona! Hata hivyo Mwenyezi Mungu hakuliacha jambo lile lipite, akamzindua kipenzi chake kwa aya zitakazosomwa hadi Qiyama, ili tujue kwamba kukunja uso mbele ya mnyonge kwa ajili ya mkubwa aliyeketi kunaandikwa, hata mnyonge mwenyewe asipojua. Basi na sisi watatu wa safu ya kwanza, tuliosogea bila kuombwa?

Katika pwani yetu ya Uswahili yupo aliyelifahamu somo hili. Habib Saleh Jamalullayl, aliyetoka Ngazija akafika Lamu katika karne ya 19, alikuwa sharifu wa nasaba, angeweza kukaa na wenye nyumba za mawe akala karamu zao hadi mauti. Akaenda kuishi katika mtaa wa Langoni, akawafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwaona kuwa wanastahiki elimu, waliokuwa watumwa na watoto wao, na wageni wasio na ukoo mjini. Alilaumiwa. Akaendelea kufundisha hadi pakawa na msikiti wa Riyadha, na alipofariki mwaka 1935 watu walikuwa wakisafiri kutoka pande zote za Afrika Mashariki kwenda kwenye maulidi yake, na wanasafiri hadi leo. Angeliuliza "wananionaje", asingevuka kwenda Langoni.

Lakini nisiwahadae mkadhani maradhi haya huwapata wasiojua dini. Wenye elimu ndio walio hatarini zaidi, na mimi ninayeketi juu ya kiti hiki niko hatarini kuliko ninyi mlioketi chini. Imam Abu Hamid al-Ghazali aliteuliwa mwaka 1091 kufundisha katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wa zama zake walikitamani, na mamia ya wanafunzi wakamzunguka. Akaichungulia nia yake, akakuta kwamba kinachomsukuma ni jaha na sifa ya watu. Akataka kuondoka akashindwa, akakaza asubuhi akalegea jioni, miezi ikapita, mpaka ulimi wake ukafungika asiweze kutamka somo, na chakula hakimpiti kooni. Mwaka 1095 akaondoka Baghdad, akaenda Sham na Baitul Maqdis, akaishi kwa upweke na kufagia moyo wake. Na kitabu chake kikubwa, Ihyau Ulumid-Din, kina mlango mzima juu ya kupenda jaha na riyaa, na mwingine juu ya kibri na ujuba. Hakuandika habari ya wagonjwa wa mbali. Aliandika habari ya homa aliyoiugua mwenyewe.

Wala msinielewe vibaya mkasema kwamba shehe ametuambia tujidharau. Hasha! Mola amewakirimu wanadamu wote, na izza ameiweka kwake, kwa Mtume wake na kwa waumini. Basi ni nani atakayeivua aliyoivisha Yeye? Mtume wetu amemkataza muumini kujidhalilisha. Anayeketi karibu na viatu kwa tawadhui, huku moyo wake umetulia, huyo ni mfalme. Anayeketi pale kwa sababu ameamini kwamba harufu ya kazi yake ya halali inamwondolea haki yake mbele ya Mola, huyo ameibiwa, na sisi ndio tuliomwibia, kwa macho, kwa kimya, kwa kusogea kwetu na kutosogea kwetu. Amana ya nafsi ya nduguyo iko shingoni mwako. Ukiijibu salamu yake kwa uso mkunjufu umeijenga. Ukimpita kana kwamba ni nguzo umeibomoa. Na nafsi iliyobomolewa huenda kubomoa nyingine nyumbani, na hesabu hurudi kwako wewe uliyeanza.

Umri ni mfupi, enyi ndugu. Mliona ziwa lilivyopanda mwaka 2021, likapanda tena mwaka 2024, likaingia majumbani mwa watu wa ufukweni. Halikumwuliza mtu cheo chake, lilipita kwenye sebule ya vigae kama lilivyopita kwenye kibanda cha matofali mabichi, na usiku ule tulilala pamoja, wenye magodoro na wenye mikeka, chini ya mabati ya watu waliotuhurumia. Siku zile hakuna aliyemtazama mwenziwe kutoka juu, kwa kuwa wote tulikuwa na matope magotini. Maji yaliposhuka na macho yetu yakarudi kama zamani. Na jeneza letu, lile pale ukutani, ni moja. Limembeba mfanyabiashara mwenye mashua, likambeba mchukuzi mwenye sugu begani, mbao zake zimelainishwa na mikono yetu, nalo linangoja mmoja wetu, pengine kabla ya Ijumaa nyingine. Atakayelazwa humo hatauliza wananionaje. Ataulizwa yeye.

Basi kila usiku kabla ya kulala, fanyeni muhasaba wa jambo hili moja tu, mengine yatafuata. Jiulize: leo ni nani aliyekuwa mkubwa zaidi mbele yangu kwa sababu ya vazi lake? Ni nani nilimpunguza? Ni lini niliona haya kwa jambo ambalo Mola halioni kuwa ni aibu, na ni lini sikuona haya kwa jambo ambalo Yeye analichukia? Na aliyepokea matusi adhuhuri, kabla ya kufungua mlango wake jioni na asimame nje, asome istighfari, aipe nafsi yake nafasi ya kumrudia Mwenyewe, kisha aingie na bismillahi, awasalimu walio ndani. Mtoto asilipe deni la kizuizini.

Namwona mwadhini amesimama, nami sitaki kuila saa yake. Tunyooshe safu. Na wewe ndugu yangu uliyeketi pale nyuma karibu na viatu, ndiyo, wewe uliyetoka ziwani, naona umekuja tena leo, Alhamdulillahi. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa, kwa kuwa kosa lilikuwa mbele yao. Hapa kuliani kwangu pana nafasi. Usogee, mzee wangu. Wapisheni apite.